Moshi, mangi na kihamba: maana ya jina hutafutwa wapi?

Linganisha sentensi hizi mbili: “Moshi umeenea hadi bondeni” na “Moshi imeenea hadi bondeni.” Ya kwanza yahusu kitokacho motoni, nomino ya ngeli ya U-I (moshi, mioshi). Ya pili yahusu mji ulio chini ya Mlima Kilimanjaro, na majina ya miji hufuata ngeli ya I-ZI. Herufi kubwa haisaidii, kwa kuwa neno limeanza sentensi. Kinachotofautisha ni kiambishi cha upatanisho pekee.

Lugha za kompyuta hukabili tatizo hilohilo. Katika Python, programu inapokutana na jina, hulitafuta kwanza katika sehemu ndogo inayotekelezwa, kisha katika sehemu zinazoizunguka, kisha katika moduli nzima, na mwisho katika majina yaliyojengwa ndani ya lugha yenyewe. Linalopatikana kwanza ndilo hutumika. La mbali husitirika. Kuingiza moduli hubadili utafutaji huo. Ukiandika “import os”, huingia jina moja tu, na yaliyomo huitwa kwa jina kamili, kama “os.open”. Ukiandika “from os import *”, majina yake yote ya hadhara huingia mtupu, na “open” ya kawaida, ya kufungulia faili, husitirika nyuma ya ile mpya. Kwa sababu hiyo watunzi wa programu huonywa wasiingize majina kwa jumla.

Kiswahili nacho huingiza majina, na miteremko ya Kilimanjaro yatoa mifano mizuri. Kwa Kichagga, mangi ni mtawala wa jadi. Ndiyo maana yake katika habari za Mangi Meli wa Old Moshi, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1900, na za Thomas Marealle, aliyekuwa Mangi Mkuu wa Wachagga katika miaka ya 1950. Lakini mtoto wa Dar es Salaam akitumwa “kwa mangi” kununua sukari, haendi kwa mtawala. Anakwenda kwa mwenye duka. Maana ya mtaani iko karibu zaidi, nayo huisitiri ile ya kihistoria.

Mfano mzito zaidi ni kihamba. Kamusi ya kawaida ingemwelekeza mfasiri kwenye neno shamba. Mlimani, hata hivyo, maneno hayo mawili hutenganishwa. Kihamba ni ardhi ya ukoo iliyozunguka nyumba, yenye migomba, kahawa na miti, inayorithishwa kwa desturi na ambamo wafu wa familia huzikwa. Shamba ni eneo la tambarare, aghalabu la mahindi na maharage. Kwa hiyo, wosia unaosema “kihamba abaki nacho mdogo, shamba wagawane” ukifasiriwa kwa neno moja mara mbili, warithi hawatajua nani amepewa nini. Kosa la namna hiyo halirekebishwi na sarufi, kwa kuwa sentensi yenyewe haina dosari.

Yafaa basi mfasiri azingatie mambo matatu. Kwanza, aanzie karibu: aulize neno lina maana gani kwa msemaji na mahali pake kabla ya kufungua kamusi ya jumla. Pili, panapo utata, atumie jina kamili: “mji wa Moshi”, “Mangi wa Marangu”, “mangi mwenye duka”. Akumbuke kwamba katika “mji wa Moshi umeenea”, upatanisho hufuata mji, wala si Moshi. Tatu, neno lisilo na kisawe aliingize lenyewe na kulieleza mara ya kwanza linapotokea. Kihamba huingia bila taabu, kwa kuwa wingi wake, vihamba, tayari wafuata ngeli ya KI-VI.

Mwalimu aweza kuzianza sentensi mbili za mwanzo darasani, kisha awaache wanafunzi watafute majina mengine ya kwao yanayositiriana.