Pipa la maji na tetemeko la inchi

Tarehe 5 Desemba 2005 inchi ilitetemeka chini ya ziwa Tanganyika, na nyumba zikabomoka huko Kalemie. Nyumba hata isipobomoka, vitu vizito vilivyowekwa juu vinaweza kuangukia watu.

Angalieni pipa lenu. Litra moja ya maji ina kilo moja; pipa la litra 200 lina kilo 200. Likisimama juu ya matofali, likianguka litavunja mguu wa mtoto.

Basi, liwekeni chini kabisa, mbali na kitanda na mbabula. Fungeni kabati ukutani kwa misumari mirefu. Inchi ikitetemeka, mama asikimbilie kushika pipa, ajifiche na watoto chini ya meza ya nguvu. Maji yanachoteka tena. Mtoto hapatikani tena.