Saa ya Sala Imekwenda Wapi? Ibada ya Nyumbani Katikati ya Shughuli za Kila Siku



Katika ziara zetu za kufuatilia mradi wa ng'ombe huko Ibighi, pembezoni mwa mji wa Tukuyu, tumezoea kuuliza maswali yale yale: ng'ombe anatoa lita ngapi, ndama wa kurejesha amefikia wapi, samadi inatumikaje shambani. Katika ziara mojawapo mama mwenye nyumba alitujibu yote vizuri, kisha akatuambia jambo ambalo fomu yetu haikuwa na nafasi yake. Tangu ng'ombe aje, alisema, nyumba yao haijakaa pamoja jioni kusali. Hakuwa analalamika. Alikuwa anatoa taarifa, kama tulivyomwomba.

Neno hilo limetusumbua, kwa sababu ng'ombe yule tulimpeleka sisi.

Kwa wahisani wetu ambao hawajafika Rungwe, tueleze jinsi siku inavyokwenda. Ng'ombe wa maziwa anayefugwa bandani hula majani mabichi yapatayo kilo 50 kwa siku na kunywa maji zaidi ya lita 40. Majani hayo hukatwa na kubebwa kichwani, mara nyingi kwenye mvua, maana kwetu mvua haina haraka ya kuondoka. Hukamuliwa alfajiri na jioni, na maziwa yakichelewa huharibika. Majani ya chai nayo hayasubiri: yakishachumwa ni lazima yafike kwenye mizani siku hiyo hiyo. Kwa hiyo saa kumi na mbili jioni baba yuko bandani, mama yuko jikoni, watoto wamefuata maji. Ifikapo saa mbili mdogo amesinzia, mkubwa ana kazi ya shule, na simu ya baba inaita, mnunuzi wa ndizi anataka kujua kama mzigo uko tayari. Kila mmoja anasali kivyake akiwa kitandani, au anapitiwa na usingizi.

Katika hayo yote hakuna dhambi hata moja. Hapo ndipo semina zetu za familia zinapokosea. Tunazoea kutaja pombe, ushirikina na televisheni (ambayo Tanzania Bara ilianza mwaka 1994, na tangu hapo imelaumiwa hata kwa mambo tunayoyakumbuka kabla yake). Lakini Martha katika Luka 10:38-42 hakuwa kilabuni. Alikuwa anamwandalia chakula Bwana mwenyewe. Familia nyingi hutolewa kwenye sala na mambo mema ambayo kila moja linaomba dakika kidogo tu.

Martin Luther alilijua hilo. Mwaka 1535 alimwandikia kinyozi wake wa Wittenberg, Peter Beskendorf, kijitabu cha kumfundisha kusali. Humo anakiri kwamba yeye naye hupoa katika sala kwa sababu ya kazi na mawazo mengine, na anaonya juu ya tabia ya kuahirisha kwa saa moja ili kwanza tumalize jambo fulani, kwa kuwa jambo hilo huzaa lingine na siku ikaisha. Kisha anatumia mfano wa kazi ya Peter mwenyewe: kinyozi mzuri huweka macho na akili kwenye wembe, maana akipiga soga huku akitazama kwingine atamkata mtu pua au koo. Ushauri wake ni mwepisi: sala iwe kazi ya kwanza asubuhi na ya mwisho jioni, na si lazima iwe ndefu. Mwaka huohuo, wakati wa Pasaka, Peter alimchoma kisu mkwewe akafa, na akafukuzwa mjini. Tunalitaja ili tusidanganyane kwamba kijitabu kizuri kinatosha.

Tukumbuke pia kwamba kwetu Unyakyusa ibada ya nyumba nzima ni jambo changa. Wamisionari wa Berlin na wa Moravian walifika mwaka 1891. Hata katika miaka ya 1930 mtaalamu Monica Wilson, aliyeishi kati ya Wanyakyusa, alikuta wavulana wakiondoka kwa baba zao wakiwa na miaka kumi hivi ili kujenga kijiji cha rika lao, na wanaume wakila na wenzao wa rika. Ulikuwa ujirani wa thamani na hatuubezi. Lakini baba, mama na watoto kuketi pamoja mbele ya Neno la Mungu kulihitaji kufundishwa, na jambo la kufundishwa husahaulika upesi.

Tuliporudi Ibighi hatukwenda na somo. Tulikaa na familia za mradi tukaandika saa za kazi za kila nyumba. Ilionekana kwamba jioni imekwisha kuzidiwa. Baadhi wakachagua saa kumi na moja alfajiri, jikoni, maji ya chai yakiwa motoni, kabla mtu hajashika ndoo ya kukamulia. Mtoto mmoja anasoma, mwingine anaomba, simu zinabaki chumbani. Kwa ufupi wa somo tumeiga majirani zetu Wamoravian, ambao kitabu chao cha mafungu ya kila siku kilichapwa kwanza mwaka 1731, fungu moja la Agano la Kale na moja la Agano Jipya. Si wote wameweza. Nyumba moja iliacha baada ya wiki mbili. Nyingine husali siku tatu kati ya saba. Yule mama anasema kwake wanasali, ila baba husinzia.

Upande wetu pia una deni. Vikao vya kamati tumekuwa tukiviita jioni, na wajumbe ni wale wale walio wazee wa kanisa, wanakwaya na viongozi wa jumuiya. Mtu wa namna hiyo anaweza kuwa nje ya nyumba yake jioni nne kwa wiki, zote kwa kazi ya Mungu. Ripoti za robo mwaka zimechangia, na hapo tunawaomba wahisani watuvumilie zikichelewa siku chache.

Kuanzia robo hii, kamati ya mradi Ibighi itakutana saa nane mchana na kufunga kabla ya saa kumi. Wachuma chai wameomba isiwe siku ya mizani, nasi tumekubali. Fomu ya maombi ya ng'ombe imeongezwa swali: nani atafanya kazi hii, na saa ngapi? Linajibiwa na baba na mama wakiwa pamoja.