Mafumbo Mkononi: Michezo Iliyotungwa Nyumbani



Wazee wetu walijua tangu kale kwamba fumbo ni mwalimu. Jioni mtoto aliulizwa kitendawili, akatafuta, akashindwa, akatoa mji, akapewa jibu. Kesho yake akaenda kumtega mwenziwe. Kitendawili hakikuwa na bei, tena kilikuwa na mwisho. Siku hizi watoto wengi hutafuta mafumbo yao katika kioo cha mashini, na wazazi wana haki ya kuuliza: Je, mashini hizo zanoa akili, au zaila?

Swali hilo halina jibu moja, kwa sababu michezo si ya namna moja. Leo twataka kusema habari ya namna moja tu, isiyojulikana sana: michezo ya mafumbo inayotungwa na watu binafsi, nyumbani mwao, kwa ajili ya mashini ndogo ya michezo ishikwayo mkononi. Waingereza wameipa jina lile lile wanalotumia kwa pombe ipikwayo nyumbani, na jina hilo lafaa. Kiwanda hupika kwa ajili ya soko. Apikaye nyumbani hupika kwa chungu alicho nacho, na wa kwanza kuonja ni yeye mwenyewe na jirani zake.

Tumeijaribu michezo hiyo kwa muda wa majuma matatu, tukipokezana mashini na kuandika tuliyoyaona. Haya ndiyo matokeo.

Mashini yenye uwezo mdogo

Mashini tuliyoichagua ni Game Boy ya kampuni ya Nintendo. Ilianza kuuzwa Japani mwezi wa Aprili 1989, na kiongozi wa waliyoiunda alikuwa Gunpei Yokoi. Bwana huyo alikuwa na shauri lake: usikimbilie kifaa kipya chenye bei kali, chukua kile kilichokwisha kuzoeleka, kilicho rahisi, kisha ukifikirie upya. Kwa hiyo kioo cha Game Boy hakikuwa na rangi, ila vivuli vinne tu vya ukijani. Mshindani wake, Atari Lynx, aliyetoka mwaka ule ule, alikuwa na rangi na mwanga, lakini alikula betri sita kwa saa chache. Game Boy ilitumia betri nne, nazo zilidumu zaidi ya saa kumi. Pamoja na ndugu yake mwenye rangi, aliyetoka mwaka 1998, ziliuzwa zaidi ya milioni 118 duniani.

Nintendo imeacha zamani kuitengeneza. Lakini watu hawakuacha kuitungia michezo. Wapo wanaoandika programu zao katika kompyuta, kisha huzitia katika kaseti inayoweza kuandikwa upya, wakaichomeka katika mashini ya zamani. Wengine huzichezea katika kompyuta yenyewe, kwa njia ya programu inayoiga mwendo wa mashini ile. Tangu mwaka 2019 kazi imekuwa nyepesi zaidi, kwa kuwa Chris Maltby alitoa bure chombo kiitwacho GB Studio, ambacho kwacho hata asiyejua lugha ya kompyuta aweza kupanga picha na kanuni na kupata mchezo kamili.

Msidhani kwamba nafasi ni kubwa. Kaseti iliyo rahisi kuliko zote hubeba baiti 32,768, na baiti moja yatosha herufi moja. Makala haya mnayosoma yangeingia humo mara tatu tu, basi. Katika nafasi hiyo mtunzi lazima atie picha, sauti, kanuni na mafumbo yote. Wahenga walisema: Mchagua jembe si mkulima. Tumeona kwamba ufinyu huo wamsaidia mtunzi wa mafumbo. Hawezi kuficha fumbo baya chini ya mapambo mazuri.

Mlinzi wa ghala

Mchezo tulioukuta mara nyingi, kwa majina na sura mbalimbali, una baba mmoja. Mwaka 1982 Mjapani Hiroyuki Imabayashi alitoa mchezo wa kompyuta uitwao Sokoban, maana yake mlinzi wa ghala. Kanuni zake zaelezwa kwa maneno machache. Ghala limechorwa kwa miraba. Ndani yake mna kuta, masanduku, na alama sakafuni. Mlinzi husukuma sanduku moja tu kwa mara moja. Hawezi kulivuta, wala kuliruka. Kila sanduku likikaa juu ya alama, kazi imekwisha.

Mchezo huu waikaa Game Boy kama mguu katika kiatu chake. Kioo cha mashini kimegawanyika katika miraba midogo, 20 kwa upana na 18 kwa urefu, jumla 360. Mtunzi hana haja ya ustadi mkubwa wa kuchora: mraba mmoja ukuta, mraba mmoja sanduku.

Lakini urahisi huo ni wa macho tu. Kwa kuwa mlinzi hawezi kuvuta, sanduku lililoingia pembeni mwa kuta mbili halitoki tena milele. Katika majaribio yetu, mwenye haraka alisukuma sanduku la kwanza mara moja, na baada ya dakika moja likakwama. Aliyekaa kimya, akitazama ghala zima bila kugusa kitufe, alichelewa kuanza akawahi kumaliza. Upesi tukajifunza kuuliza maswali mawili kabla ya hatua ya kwanza: Alama ipi iko mbali kuliko zote? Na sanduku lipi, likitangulia, litawazibia njia wenzake? Mwenye kujaza alama ya mbali kwanza huacha mlango wazi kwa zilizobaki. Mwashi naye hufanya hivyo anaposakafu chumba: huanzia ndani kabisa, akarudi nyuma kuelekea mlangoni.

Jambo moja lilituletea ubishi. Michezo mingine ina kitufe cha kurudisha hatua. Mingine haina, na mwenye kukosea lazima aanze ghala upya. Baadhi yetu walisema kwamba kitufe hicho chamlegeza mchezaji, maana katika maisha hatua haifutiki. Wengine wakajibu: Mtu aliyekwisha kupiga hatua themanini sawasawa, kwa nini azirudie zote kwa sababu ya moja? Huko si kufikiri, ni kusumbuka tu. Mwishoni wengi tuliona kwamba wa pili wana haki. Mtunzi anayetia kitufe hicho anaiheshimu saa ya mgeni wake, na mchezaji hupata uhodari wa kujaribu njia asizozijua.

Fumbo lisilo na jibu

Mchezo mmoja, ambao hatutautaja jina, ulitushikilia jioni mbili. Katika ghala lake la saba masanduku mawili yalikuwa yameegemea ukuta, yakigusana bega kwa bega, na chini yao hapakuwa na alama. Fikirini wenyewe: kuyaondoa ukutani haiwezekani, kwa kuwa mlinzi angepaswa kusimama ndani ya ukuta. Kusukuma moja kuelekea pembeni haiwezekani pia, kwa kuwa mahali pa kusimama pamekaliwa na lile la pili. Ghala lile halikuwa gumu; lilikuwa la uongo. Mtunzi alilichora, akaliona zuri, asilijaribu.

Uovu wa namna hii ni wa zamani. Mwaka 1880 watu wa Marekani na Ulaya walishikwa na wazimu wa kisanduku chenye vibao 15 na nafasi moja tupu. Viwili vya mwisho, 14 na 15, vilikuwa vimebadilishana mahali, na kazi ilikuwa kuvirudisha kwa kuvisogeza tu. Watu walihangaika nacho usiku na mchana. Kumbe wataalamu wawili wa hesabu, Johnson na Story, walikuwa wamekwisha kuonyesha mwaka 1879 kwamba haiwezekani kabisa.

Je, mtunzi aweza kujua kwa kutazama tu kama ghala lake lafunguka? Hapana. Mwaka 1997 Joseph Culberson wa Chuo Kikuu cha Alberta, nchini Kanada, alithibitisha kwamba swali hilo ni mojawapo ya maswali magumu sana kwa kompyuta, ghala linapokuwa kubwa. Basi imebaki njia ya uaminifu: mtunzi alipite ghala lake mwenyewe, toka hatua ya kwanza mpaka ya mwisho, kabla ya kumpa mwingine. Asiyefanya hivyo anawauzia watu mbegu zilizochemshwa.

Namba zinazoungana

Mchezo mwingine tulioupenda ni wa namba. Mwaka 2014 kijana Mwitalia, Gabriele Cirulli, aliyekuwa na umri wa miaka 19, aliandika kwa siku chache mchezo uitwao 2048, akautoa bure na kuwaruhusu wote kuugeuza. Hakujitwalia sifa yote, maana aliwataja waliomtangulia kwa michezo iliyo karibu na wake. Upesi wengine wakauandika kwa ajili ya Game Boy pia.

Uwanja wake una miraba 16. Kila unaposogeza, namba zote huteleza upande mmoja, na mbili zilizo sawa zikigusana huungana: 2 na 2 hufanya 4, 4 na 4 hufanya 8, hivyo hivyo mpaka 2048. Baada ya kila hatua namba mpya hutokea, 2 au 4. Wanafunzi, pigeni hesabu: hata bahati ikikupa 4 kila mara, utahitaji hatua zaidi ya 500. Tumeona kwamba anayefukuza kila muungano mdogo hujaza uwanja upesi. Anayeiweka namba yake kubwa pembeni, akazipanga nyingine kando yake kwa utaratibu, hufika mbali.

Kuiga na kuiba

Hapa yafaa kusema neno juu ya haki. Tetris, mchezo wa vipande vinavyoanguka, ulitungwa mwaka 1984 na Alexey Pajitnov, mfanyakazi wa Chuo cha Sayansi huko Moscow. Kompyuta yake haikuweza hata kuchora picha. Vipande vilifanywa kwa alama za maandishi. Mchezo ulienea duniani, wengi wakapata fedha, na mtunzi mwenyewe hakuanza kupokea sehemu yake ila mwaka 1996.

Wanaotunga nyumbani na wakumbuke jambo hilo. Mwaka 2012 mahakama moja ya Marekani ilimhukumu aliyetoa mchezo wa simu uliofanana mno na Tetris. Ilieleza kwamba kanuni tupu za mchezo hazina mwenyewe, lakini sura ambayo mtunzi ameipa kazi yake ni mali yake. Basi kuchukua wazo la kusukuma masanduku na kuchora maghala yako mwenyewe ni kazi halali. Kunakili kaseti ya mwingine na kuisambaza ni wizi, ijapokuwa mwizi hakuvunja mlango.

Mchezo unaokuachia uende

Sasa twarudi kwa swali la wazazi. Michezo mingi ya simu hutolewa bure, kisha humwuzia mtoto muda, au uhai mpya, au humlazimisha kutazama matangazo. Faida yake ni mtoto asiondoke. Kwa hiyo imepangwa isiishe. Ghala la masanduku halina tamaa hiyo. Likiisha, limekwisha. Aliyelitunga hana duka ndani yake, naye ameridhika kama umelifungua ukaenda zako. Tofauti hiyo ndiyo twaitaka wazazi waitazame, kabla ya kusifu au kukataza. Wasiulize tu, "Amecheza saa ngapi?" Waulize pia, "Mchezo huu wataka nini kwake?"

Hata hivyo mchezo mwema nao una wakati wake. Masomo, kazi za nyumbani na usingizi vina haki ya kutangulia.

Nanyi wanafunzi, msiseme kwamba hamna mashini. Chukueni karatasi ya miraba ya hesabu. Choreni kuta, wekeni punje tatu za mahindi ziwe masanduku, kokoto iwe mlinzi, na misalaba mitatu iwe alama. Tungeni ghala moja. Lipiteni wenyewe mpaka mwisho, mkihesabu hatua. Kisha mpeni mwenzenu, mkae kimya mkimtazama. Akiona njia fupi kuliko yenu, mshukuruni; akikwama mahali pasipo na jibu, futeni ukuta, mchore tena. Hivyo ndivyo wanavyofanya kazi hata wale wenye mashini.