Saa ya Tikiti

Wasikilizaji wangu, jirani yangu mmoja alinunua tikiti ya garimoshi iliyoandikwa: Jumatano, 1.00. Jumatano hiyo, saa moja ya jioni, akafika stesheni pamoja na watoto na mizigo yake. Garimoshi lilikuwa limekwisha ondoka saa 18 kabla yake, na nauli ikapotea.

Sisi huhesabu saa tangu macheo, kwa kuwa hapa karibu na Ikweta jua huchomoza karibu wakati ule ule mwaka mzima. Tikiti huhesabu tangu saa sita ya usiku, hata kufikia 24. Basi hesabuni hivi: saa ya tikiti ikiwa 6 au pungufu, ongezeni 6, ikizidi 6, toeni 6, jibu likizidi 12, toeni 12 tena. Hivyo 15.00 ni saa tisa ya alasiri, na 21.00 ni saa tatu ya usiku.

Tena, siku ya tikiti huanza usiku wa kati. Kwa hiyo Jumatano 1.00 ni saa saba ya usiku wa kuamkia Jumatano. Msafiri na atoke kwake Jumanne jioni. Mwenye shaka na amwulize karani wa stesheni mapema. Kuuliza si ujinga.