Kufika Ufukoni mwa Ziwa Burigi kwa Gari

Wekeni madaftari tayari.

Wengi wetu twaijua pwani ya Ziwa Viktoria, yenye mitumbwi na wachuuzi wa samaki. Leo tutasema habari za ufuko ulio kimya, wa Ziwa Burigi. Ziwa hili ni refu na jembamba, nalo limo katika Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Hifadhi hiyo ilitangazwa mwaka 2019, yalipounganishwa mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi.

Kwanza, chagua majira. Mvua hunyesha Machi hadi Mei, na tena Oktoba hadi Desemba. Wakati huo njia za udongo huteleza na magurudumu huzama. Juni na Julai ni kukavu.

Pili, jaza tangi ungali mjini. Chukua gurudumu la akiba, jeki, sepetu na maji ya kunywa.

Tatu, ukifika getini lipa kiingilio, kisha isome stakabadhi: tarehe, idadi ya watu, na fedha uliyotoa. Muulize askari wa hifadhi ni njia gani inayopitika leo.

Nne, endesha polepole, vioo vimefungwa. Mbung'o hufuata kitu kikubwa kinachotembea, hata gari. Hupenda rangi ya buluu na nyeusi, basi usizivae. Mdudu huyu aweza kuleta ugonjwa wa malale.

Tano, gari likisimama, usishuke mpaka askari aseme, na utembee pamoja naye. Kiboko hukaa majini mchana, na usiku hutoka kula majani. Ukisimama kati yake na maji, atakushambulia. Mamba naye hujificha kimya karibu na ukingo. Kwa hiyo usioge wala usichote maji.

Sasa shikeni kalamu. Kabla ya kuondoka nyumbani, andika hivi:

“Tumekwenda Burigi. Tupo wanne. Tutarudi Jumamosi jioni.”

Mwachie jirani karatasi hiyo. Huko porini simu yaweza kukosa mtandao. Gari likikwama nanyi msirudi, jirani atajua pa kuwaelekeza watu wawatafute. Maneno saba tu yaweza kuokoa watu wanne.

Maswali
1. Kwa nini tusisafiri Aprili?
2. Mbung'o huleta ugonjwa gani?
3. Andika karatasi ya safari yako mwenyewe.

Kwa herini, hadi somo lijalo.