Filamu ‘Bora’: Bora kwa Lipi?

KILA mwaka unapofika ukingoni, magazeti na mitandao hufurika orodha za filamu ‘kumi bora’. Namba moja hii, namba mbili ile, basi. Ukiuliza kwa nini ya kwanza imetangulia, utaambiwa eti ‘imebamba’. Hilo si jibu. Neno ‘bora’ ni la ulinganisho. Halikamiliki hadi tuseme bora kwa lipi, na kuliko ipi.

Lugha yenyewe inatuongoza. ‘Kukosoa’ kunatokana na ‘kosa’: mkosoaji huonyesha kosa ili lirekebishwe. ‘Kuhakiki’ nako kuna nasaba moja na ‘hakika’ na ‘haki’. Mhakiki hutafuta ukweli wa kazi, kisha akaipa haki yake, uzuri na dosari kwa pamoja. Anayesifu tu hajahakiki. Anayeponda tu hajahakiki pia.

Tuchukue filamu tatu za kwetu Afrika Mashariki.

Ya kwanza ni Supa Modo (2018) yake Likarion Wainaina. Jo, msichana mgonjwa mahututi, anatamani kuwa shujaa wa sinema, na kijiji kizima kinajitosa kuitimiza ndoto hiyo. Nguvu yake ni msuko: dakika 74 tu, na hakuna tukio la kujazia muda. Stycie Waweru anaigiza Jo bila kutuomba machozi. Dosari? Wanakijiji wengi hawana maisha nje ya ugonjwa wa mtoto huyu. Wapo ili wamsaidie, tena wanasaidia kwa wepesi mno.

Ya pili ni The Letter (2019) ya Maia Lekow na Christopher King. Hii ni filamu ya hali halisi. Karisa anatoka Mombasa kurudi kwao Kilifi baada ya nyanyake kutuhumiwa uchawi, na nyuma ya tuhuma kuna mgogoro wa shamba. Hapa watu wanasema kwa ndimi zao wenyewe, na usemi wao hauna harufu ya karatasi. Hata hivyo, ukoo ni mkubwa, na mtazamaji mgeni huchelewa kung’amua nani ni nani. Ugomvi wa jamaa humpita kabla hajajua upande wa kila mmoja.

Ya tatu ni Vuta N’kuvute (2021) yake Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi. Ni Zanzibar ya miaka ya 1950, chini ya ukoloni. Picha zake zinavutia, na lafudhi ya Kiunguja inakupa mahali na wakati kabla hujaelezwa. Lakini filamu imeliegemea mno penzi la Denge na Yasmin. Aliyeisoma riwaya ataukosa ule umati wa wahusika wadogo wanaoujaza mji.

Sasa nipange? Kwa msuko, Supa Modo inaongoza. Kwa mandhari, Vuta N’kuvute haina mpinzani hapa. Kwa lugha, naitanguliza The Letter, Vuta N’kuvute ikifuata unyounyo. Kwa uigizaji, The Letter haiingii mizanini kabisa, kwa kuwa hakuna anayeigiza. Kumbe kila kigezo kina mshindi wake! Namba moja ya jumla ingeyafunika haya yote.

Jambo hili si la wasomi pekee. Vijana wetu wanatengeneza filamu kwa fedha za kuungaunga. Wakitoa kazi, wenzao huwamwagia sifa kwa kuwa ‘ni yetu jamani, tuiunge mkono’. Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Wengine huitupa kwa sababu haifanani na za Marekani. Pande zote mbili zimemnyima msanii kitu anachokihitaji zaidi: kuambiwa ni wapi hasa alipofaulu, na wapi alipoteleza, ili kazi ijayo iipite hii.

Kwa hiyo, msomaji, utakapoulizwa filamu ipi ni kali, taja kigezo kwanza. Kisha taja uzuri mmoja na dosari moja, kila moja kwa mfano kutoka ndani ya filamu yenyewe. Ukikosa mfano, ngoja kwanza. Itazame tena.