Kitenzi quedar cha Kihispania mbele ya baki na kaa

Mzungumzaji wa Kiswahili anayejifunza Kihispania aghalabu hukifikia kitenzi quedar kwa kupitia Kiingereza, lugha ya vitabu vingi vya kufundishia. Njia hiyo humfanya akariri maana nyingi zisizohusiana: kusalia, kuwa mahali, kufaa mwilini, kuahidiana. Makala haya yanadai kwamba njia ya moja kwa moja kutoka Kiswahili ni fupi zaidi, ingawa si salama mahali pote.

Quedar kimetokana na Kilatini quietare, ‘kutuliza’. Kivumishi quieto, ‘asiyesogea’, ni cha shina hilohilo. Kiini chake, basi, ni hali inayotulia baada ya jambo fulani kupita. Kiswahili kimeigawa dhana hiyo hasa baina ya baki na kaa.

Tuanze na sintaksia, ambako manufaa ni makubwa. Quedan tres días ni ‘zimebaki siku tatu’. Katika lugha zote mbili kiima hufuata kitenzi, na kitenzi huendelea kupatana nacho: wingi wa quedan ni wingi wa zi-. Anapoongezwa mhusika, mlingano hukaribia zaidi. Me quedan dos euros ni ‘zimenibakia euro mbili’: kilichobaki ndicho kiima, na mwenye fedha huonyeshwa na me, kama anavyoonyeshwa na -ni- pamoja na kauli ya kutendea. Kiingereza humfanya mwenye fedha kuwa kiima, na hapo ndipo mwanafunzi anapozalisha *quedo dos euros, kosa ambalo sarufi ya lugha yake mwenyewe ingemwepusha nalo. Tofauti iko kwenye njeo. Kiswahili hutumia -me-, Kihispania wakati uliopo. Me han quedado dos euros si kosa la sarufi, ila huelekeza fikra kwenye tukio lililoleta salio hilo, mathalani ununuzi uliokwisha.

Muundo huohuo huonekana kwa kaa. La camisa le queda bien, ‘shati limemkaa vizuri’: le na -m- hufanya kazi moja. Sioni sababu ya kumpitisha mwanafunzi kwenye maelezo marefu kuhusu “kufaa” ilhali fundi cherehani yeyote wa mtaani kwake husema hivyo kila siku.

Umbo la kujirejea, quedarse, huhitaji tahadhari. Me quedo en casa, ‘nabaki nyumbani’, na quédate con el cambio, ‘baki na chenji’, hazina taabu. Taabu huanza linapofuata neno la sifa au hali. Se quedó ciego haina maana ya kwamba mtu aliendelea kuwa kipofu. Maana yake ni kwamba alipofuka. Kiswahili ‘alibaki kipofu’ huruhusu fasiri zote mbili, na mfasiri asiye makini anaweza kumpa msomaji mtu aliyekuwa haoni tangu mwanzo wa hadithi. Kwa se quedó viuda, ‘alibaki mjane’ hutosha, kwa kuwa ujane wenyewe hudokeza tukio la kufiwa. Hali nyingi za kundi hili ni za kupungukiwa: upara, uyatima, upweke, ukata. Lakini si zote, kwani quedarse embarazada ni kushika mimba tu, bila hukumu yoyote.

Kuhusu mahali, quedar huhusu visivyohama: la estación queda lejos, ‘stesheni iko mbali’. Hakitumiki kwa funguo zilizo mezani; hapo huhitajika estar.

Matumizi ambayo baki na kaa haviyafikii kabisa ni ya miadi. Hemos quedado a las ocho ni ‘tumepatana tukutane saa mbili’. Kilichotulia hapa ni neno baina ya watu wawili, na Kiswahili hukitafutia kitenzi kingine: kupatana, kuagana, kuahidiana. Mwalimu aongeze, kabla darasa halijatawanyika, kwamba las ocho si saa nane.